Kiapo cha Mla Sikio

Sikio lenyewe lilikuwa la fundi mapipa mmoja aitwaye Tolliver, na lilimfikisha Lysander Pogue mbali kuliko vitabu vyote vya sheria alivyowahi kuvisoma. Mwaka 1834 Pogue alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, hana mbele wala nyuma, amesimama juu ya kisiki nje ya mahakama ya Harlow anaomba kura. Tolliver, aliyekuwa amelewa tangu asubuhi, akamrushia tikiti bovu likampata kifuani. Pogue hakumaliza hata sentensi. Alishuka na koti lake, wakabingirishana vumbini. Tolliver alifuga kucha za vidole gumba kwa ajili ya kung'olea watu macho, kama walivyofanya wapiganaji wengi wa Kentucky enzi zile, na ukucha mmoja ulikwisha kuzama kwenye pembe ya jicho la Pogue pale Pogue alipolipata sikio kwa meno. Akaling'oa. Akalitema, akapanda tena kisikini, damu inamchuruzika kidevuni, akaendelea na ahadi yake ya daraja pale pale alipoachia. Wiki iliyofuata alishinda uchaguzi.

Tangu hapo akaitwa Mla Sikio, na sisi watu wa Harlow tulimpenda, Mungu atusamehe. Hatukutaka mbunge mpole. Mbunge mpole angetufanyia nini bungeni kule Frankfort, atuombee dua? Tulimpeleka mara nane. Katika miaka hiyo alipoteza kidole cha shahada cha mkono wa kulia kwa kisu cha mtu kwenye ngazi za hoteli, na mwenye kisu akapoteza maisha kwenye ngazi hizo hizo. Alimpiga mpima ardhi risasi ya goti. Alimvunja taya mhubiri mmoja, ingawa baadaye Pogue alimwomba radhi na kulipatia kanisa la mhubiri huyo kengele. Kila damu ilipomwagika kura ziliongezeka. Mwanawe wa pekee, Theron, alikua akizisikia hadithi hizo mezani, na watu wakimwona barabarani walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, naye akichekelea.

Kisha ikaja katiba mpya ya jimbo. Kifungu kimoja kilisema kila anayeshika wadhifa aape kwamba hajapigana pambano la miadi, yaani lile la kuandikiana barua, kuteua wasimamizi, kupima hatua kumi na kupigana risasi asubuhi kiungwana. Aape hajapeleka mwaliko wa pambano hilo wala kuukubali, hajabeba barua ya mtu, wala hajamsaidia yeyote aliyetenda hayo. Asiyeweza kuapa, kiti hana. Pogue alikipigia makofi kifungu hicho kuliko watu wote. Kilimhusu nini? Yeye hakuwahi kupigana kwa miadi. Yeye alimkamata mtu popote alipomkuta, na ugomvi wa barabarani katiba haikuugusa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini siku ya kuchimba nani anakumbuka?

Mwaka 1857 akapata mpinzani mwenye akili. Simsemi Kanali Stapp, aliyekuwa mgombea. Stapp alikuwa mkulima mzee wa tumbaku aliyesahau hata majina ya mbwa wake. Mwenye akili alikuwa mhariri wa gazeti la Stapp, Jubal Renfro, mtu mwembamba wa miaka thelathini, mkimya, mlengaji hodari. Renfro alikisoma kifungu kile vizuri kuliko waliokiandika. Kwanza akaandika gazetini kwamba Mla Sikio amebaki ufizi mtupu. Pogue akamtafuta mjini siku mbili na fimbo ya chuma, asimwone. Halafu, Jumatano ya wiki ya mwisho kabla ya uchaguzi, ikaja barua yenye lakiri: Bwana Renfro anamwalika Bwana Pogue kwenye kinu cha Keene cha kusagia nafaka, ng'ambo ya kijito, Alhamisi saa moja asubuhi, na bastola. Mwaliko wa maandishi. Akienda, hataweza kuapa, na kiti kimekwenda. Asipoenda, nakala ya barua iko gazetini tayari, na Harlow nzima itajua kwamba Mla Sikio aliitwa akajificha.

Na kujificha walikuwa wameanza kumshuku. Jumamosi iliyotangulia, kwenye karamu ya nyama za kuchoma, mtu asiyejulikana alimwekea sahanini sikio la nguruwe, limechemshwa, limepambwa na jani la kabichi. Meza nzima iliangua kicheko. Pogue alikuwa amezoea kucheka nao. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza wamcheke yeye. Alisukuma sahani, akainuka, akarudi nyumbani. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Shamba lake lilikuwa la mawe, uwakili wake ulikuwa wa kubabaisha, na bila kiti kile alijua hasa atakuwa nani: mzee wa vidole tisa anayesimulia habari za sikio kwenye baraza ya duka.

Barua aliisoma mezani, wakati wa kifungua kinywa, mbele ya mkewe Permelia na mbele ya Theron. Burrell alikuwa amepiga magoti mbele ya meko akizoa majivu. Burrell alikuwa mtumwa wao, mtu wa miaka arobaini hivi, ndiye aliyemfundisha Theron kupanda farasi na kuogelea, na ndiye aliyempakata mtoto huyo usiku wa surua wakati baba yuko Frankfort anavunja watu taya.

Theron alifuta mdomo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na ndevu ndiyo kwanza zimekubali.

"Nitakwenda mimi, baba. Katiba haina habari na mimi."

"Hutakwenda," Pogue alisema. "Nakukataza, na mama yako ni shahidi."

Permelia alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akasema kwamba mtu mwenye akili angeichoma barua ile na kuendelea kula. Kisha akachukua birika akaenda jikoni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na alimwamini mumewe kwa jambo moja tu, kwamba akikataa kitu amekataa.

Sasa sikiliza alichofanya mtu huyu. Kulikuwa na bastola pacha ambazo chama kilimzawadia zamani. Hakuwahi kuzitumia, na tangu apoteze kidole cha kufyatulia asingeweza kuzitumia hata angetaka. Zilikaa kwenye kisanduku cha mti wa mjozi juu ya kabati, kimefungwa, na ufunguo wake mdogo wa shaba ulilala kwenye mfuko wa kizibao chake miaka yote, kwa kuwa Theron alipokuwa mdogo hakuwa na mkono wa kutulia. Pogue aliingiza vidole viwili mfukoni, akautoa ufunguo, akauweka mezani karibu na chumvi. Hakumtazama mwanawe.

"Nakwenda kumwangalia yule farasi jike mwenye kwato mbovu," akasema.

Farasi yule hakuwa na ubovu wowote. Pogue alisimama bandani akimshika kwato moja baada ya nyingine, akijiambia kwamba kijana ana shabaha nzuri na vidole kumi. Kwamba Renfro hatathubutu kumuua mtoto wa watu. Kwamba hata akikwaruzwa bega, Jumatatu ya kura Harlow yote itasema damu ya Pogue haikimbii. Alijiambia pia kwamba yeye hajasema neno lolote. Na kweli hakusema. Aliporudi ndani, meza ilikuwa imepanguswa, ufunguo haupo, na Burrell alikuwa bado amepiga magoti mbele ya meko ingawa majivu yalikwisha. Macho yao yalikutana. Pogue akamwambia akate kuni.

Alhamisi asubuhi aliamka mapema akanyoa ndevu taratibu, akisikiliza. Kitanda cha Theron kilikuwa kitupu, na Permelia alidhani kijana yuko mtoni. Yaliyotokea kinuni tuliyasikia baadaye kwa wasimamizi. Renfro alipomwona nani amekuja alikataa. Alisema hakuja kupigana na watoto, akamgeuzia mgongo. Theron akamfuata akamchapa kofi la uso mbele ya watu wanne. Baada ya kofi, kwa watu wa kwetu, hakuna mjadala tena. Wakapima hatua kumi. Risasi ya Theron ilimpasua Renfro shavu ikatoka na meno mawili. Ya Renfro, aliyesema aliilenga paja, ilimwingia Theron chini ya kitovu.

Walimleta kwenye mkokoteni wa kinu, amelazwa juu ya magunia ya unga. Gunia moja lilikuwa limepasuka, na unga na damu vilikuwa vimefanya donge chini yake, hata Burrell alipomnyanyua ilibidi ambandue. Kisanduku cha bastola kilikuja naye, kimefungwa vizuri kwa ufunguo, maana Theron alikuwa mtu wa utaratibu.

Risasi ya tumbo haina haraka. Kijana alilia siku mbili. Alilia maji wakampa, akayatapika pamoja na damu nyeusi. Daktari akaingiza kidole kutafuta risasi, akakitoa, akaenda kusimama ukumbini. Permelia hakutoka chumbani. Alipotoka mara moja tu kubadilisha shuka, Ijumaa alasiri, Theron alimshika baba yake pindo la kizibao akamvuta karibu. Harufu ilikuwa mbaya mno.

"Sijamwambia mama," akasema.

Pogue aliinamisha kichwa kumshukuru. Ndiyo, kumshukuru, hivyo ndivyo alivyofanya, na jambo hilo lilimrudia kila siku ya maisha yake. Jumamosi adhuhuri kijana akakata roho.

Permelia alimwosha mwenyewe, mlango umefungwa. Pogue alisubiri hadi nguo zilipotolewa zichomwe, akapapasa mifuko ya suruali haraka haraka, hakukuta kitu. Akahisi ufunguo ulianguka kijitoni. Moyo ukatulia kidogo, na papo hapo akajichukia kwa kutulia.

Walizika Jumapili asubuhi. Walipotoka makaburini, kabla hata hajavua kofia ya msiba, Permelia alikishusha kisanduku kutoka kabatini akakiweka mezani. Akapitisha kidole kwenye kitasa.

"Hakikuvunjwa, Bwana Pogue. Nani alimfungulia?"

Chumbani alikuwemo pia mkuu wa polisi wa kaunti na majirani wawili wenye sahani za nyama ya msiba. Pogue alifungua mdomo. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema chochote. Lakini kesho ilikuwa siku ya kura, na mkuu wa polisi alikuwa amesimama pale na masikio yote mawili. Macho yake yakatoka kwa mkewe, yakapita mezani, yakaenda yakatua kwa Burrell aliyekuwa mlangoni ameshika makoti ya wageni. Hakusema jina. Kila mtu aligeuka akatazama alikotazama yeye.

"Burrell ndiye anayepangusa mle ndani," jirani mmoja akasema.

Basi ikawa Burrell. Yeye mwenyewe hakujitetea. Angejitetea kwa nani? Sheria yetu ilisema mdomo wa mtumwa dhidi ya mzungu si mdomo. Asingeweza kusema aliloliona hata mbele ya hakimu, sembuse mbele ya mkuu wa polisi anayekula nyama. Wakamfunga kwenye nguzo ya banda la kukaushia nyama. Desturi ilimtaka mwenye mtu achape kwa mkono wake, na majirani walikuwa wakitazama kama mkono wa Mla Sikio umelegea. Haukulegea. Mchapo wa kumi ngozi ya mgongo ilifunguka, wa ishirini nyama ikaonekana, na Pogue akaendelea, analia kwa sauti huku anachapa. Watu wakasema maskini, uchungu wa mtoto. Alifika thelathini na tisa. Burrell alitoa mlio mmoja mwanzoni, baadaye hakutoa tena.

Jioni hiyo kabla ya jua kuzama, Pogue alimwona mkewe kupitia dirisha akielekea kibandani kwa Burrell na kopo la mafuta ya nguruwe. Akadhani ni huruma za wanawake. Alikaa huko kitambo.

Jumatatu ikafika. Kule kwetu hakukuwa na karatasi za kura. Meza iliwekwa kwenye ukumbi wa mahakama, mahakimu watatu wa uchaguzi wameketi, karani na daftari, na mpiga kura alipita mbele akitaja kwa sauti, watu wote wanamsikia, anayemtaka. Wagombea waliketi pale pale mezani. Likitajwa jina lako unasimama, unainama, unasema, "Nakushukuru, bwana." Usiposimama kwa mtu mmoja tu, umempoteza yeye na ukoo wake hadi vilembwe.

Pogue aliketi na kitambaa cheusi mkononi. Nje pipa la wiski lilikuwa limetobolewa tangu alfajiri na mtu mmoja alikwisha kupasuliwa kichwa kwa mpini wa jembe. Huruma ilikuwepo, lakini huruma na kura ni vitu viwili. Wengi walisema wazi kwamba alimwacha mtoto aende mahali alipopaswa kwenda mwenyewe. Wengine walikuja hadi mezani, wakamtazama, wakamtaja Stapp kwa sauti ya chini na kutoka wakiangalia viatu. Kufikia saa tisa alasiri Stapp alikuwa mbele kwa kura kumi na mbili, na mstari mrefu wa wakulima kutoka mabondeni ulikuwa umesimama hadi barabarani, watu ambao hawajaamua, wanaotazama upepo.

Ndipo mstari ukapasuka katikati. Renfro alikuja amefungwa kitambaa kuzunguka taya, damu imepenya. Akasimama mbele ya meza. Hakimu akamwuliza jina, kama sheria inavyotaka, ingawa walikuwa wamekunywa pamoja mara mia, kisha akamwuliza anampigia nani.

"Pogue," Renfro akasema.

Karani aliinua kalamu asiandike. Kanali Stapp akamwuliza mtu wa karibu, kasema nini huyu.

"Andika," Renfro akasema. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, yamejaa mate. "Pogue. Mimi nilimwalika baba, sikumwalika mtoto. Lakini ikiwa hivi ndivyo kiti kinavyonunuliwa, basi mpeni. Amekilipia kuliko mtu yeyote humu ndani."

Pogue alikuwa na kisu kirefu chini ya koti, na mkono ulikwisha kushika mpini. Hatua mbili tu. Shingo ile nyembamba ilikuwa wazi juu ya kitambaa, na miaka ishirini na mitatu mwili wake haukujua jibu jingine. Damu ilimpanda hadi masikioni. Kisha akaona nyuso. Mstari mzima, wakulima wa mabondeni, wamevua kofia, wanamtazama yeye, si Renfro. Wanangoja. Aliwajua watu hao kama alivyojua mfuko wake. Akiua, ni muuaji aliyechelewa siku nne. Asiposimama, ni mtu asiyeheshimu kura.

Akaachia mpini. Akasimama, akainama.

"Nakushukuru, bwana," akasema.

Mzee mmoja wa bondeni akaanza kulia waziwazi. Yeye ndiye aliyefuata mezani, akataja Pogue, na aliyefuata Pogue, na aliyefuata Pogue, wakitaja kama watu kanisani. Kila jina Pogue alisimama, akainama, akashukuru. Jua lilipozama alikuwa ameshinda kwa kura arobaini na moja, na magoti yake yalikuwa yanatetemeka kwa kusimama na kuketi.

Desemba akajiandaa kwenda Frankfort kuapishwa. Kutoka Agosti hadi siku hiyo Permelia alikuwa amesema naye maneno ya nyumbani tu, chumvi, kuni, kuku. Sanduku lake la safari alilipanga yeye, shati juu ya shati. Burrell, ambaye mgongo wake ulikuwa umeshikana vibaya na hakuweza tena kunyoosha bega la kushoto, alingoja kulibeba. Permelia alipolifunga alibaki ameegemeza mikono juu ya kifuniko.

"Kile kiapo, Bwana Pogue. Utakisema chote, mpaka mwisho?"

"Ni maneno tu, Permelia. Kila mtu huyasema."

"Kuna mtu asiyeweza kuyasema, anarudi nyumbani. Akirudi, nyumba ipo. Tungekula tulicho nacho."

Alimwambia asiwe na wasiwasi, yeye hajapigana kwa miadi na mtu yeyote. Permelia akamtazama usoni muda mrefu, halafu akasema basi, safari njema. Hapo alikuwa amefunguliwa mlango, kipofu yule, asiuone.

Asubuhi ya kiapo Burrell alimvika: shati jeupe, koti la msiba, kizibao cheusi ambacho hakukivaa tangu maziko. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi juu kwa watazamaji. Jina lake lilipoitwa walipiga miguu chini, maana habari za Renfro na kura yake zilikuwa zimezunguka jimbo zima, na wengine walikuwa wakinong'ona neno gavana. Pogue akatembea mbele, akainua mkono wa kulia wenye vidole vinne. Karani akawa anasoma, yeye anafuata. Hajapigana pambano la miadi. Hajapeleka mwaliko wala kuukubali. Mkono wa kushoto, kwa mazoea ya miaka mingi ya kuhutubia, ukaingia wenyewe kwenye mfuko wa kizibao.

Ufunguo ulikuwemo.

Hakuhitaji kuutoa auone. Aliyajua meno yake matatu kwa ncha ya kidole. Kikulacho ki nguoni mwako. Karani alisoma, "wala sijamsaidia mtu yeyote aliyetenda kosa hilo," akangoja. Akasoma tena. Watu wakaanza kukohoa. Pogue aliona meza, chumvi, mkono wa Theron umeshika pindo la kizibao, na akahisi kabisa kwamba akisema siwezi, koo litafunguka na ataweza kupumua. Lilikuwa neno moja tu. Kule juu mtu akasema kwa sauti ya upole, "Anamkumbuka mwanawe, mpeni nafasi," na ukumbi wote ukanyamaza kwa heshima.

Mtu huyu hakuwahi kuweza kuikataa heshima ya watu. Alisema maneno yote, kwa sauti iliyofika ukuta wa nyuma, mpaka mwisho, na Mwenyezi Mungu anisaidie. Wakashangilia hadi vioo vikalia.

Saa nane mchana alikuwa amerudi chumbani kwake hotelini, ghorofa ya pili. Akafunga mlango. Burrell alikuwa anapiga pasi. Pogue akautupa ufunguo sakafuni mbele yake na kumpiga fimbo ya uso kabla hajainama kuutazama. Alimpiga ya bega lile bovu, akamwangusha, akampiga teke la mbavu, akawa anauliza kwa sauti ya chini, kwa sababu kuta zilikuwa nyembamba, uliuficha wapi, ulitaka kunifanya nini, nani alikutuma. Kila swali na pigo lake. Fimbo ikavunjika. Burrell alijikunja, mikono juu ya kichwa, akangoja, kama mtu angojavyo mvua ipite. Pogue akachoka. Akaketi kitandani anahema.

Burrell aliinuka akashikilia meza. Jino lilikuwa limetoka. Akalitema kiganjani akalitazama. Kisha akasema, bila hasira yoyote:

"Sikuwahi kuwa nao, bwana. Bibi aliukuta kwenye suruali ya Theron siku anamwosha. Sanduku alilipanga bibi."

Pogue aliutazama ufunguo pale sakafuni.

"Jumapili ile alipokuja kunipaka mafuta mgongoni, aliniuliza. Nikamwambia. Chumvi, farasi, yote. Akaniambia, 'Tungoje, mume wangu atasema mwenyewe.'"

Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba. Kila asubuhi Permelia alimwekea sahani akangoja. Alipanga shati juu ya shati akangoja. Alisimama ameegemea kifuniko akamwambia nyumba ipo. Pogue alijaribu kukumbuka uso wake wakati ule na kitu pekee kilichomjia kilikuwa kisanduku, na kidole cha mkewe kikipita juu ya kitasa. Alitaka kuuliza kama atamkuta nyumbani. Hakuwa na mtu wa kumwuliza isipokuwa Burrell, na Burrell alikuwa ameokota pasi na kuendelea na shati, uso ameuweka pembeni ili damu isiguse kitambaa.

Chini barabarani bendi ilianza. Walikuwa wametoka bungeni wakamfuata, watu mia mbili au zaidi, na tarumbeta, na mtungi wa wiski unaozunguka. Wakaanza kumwita, Mla Sikio, Mla Sikio, wakigonga fimbo kwenye mawe. Kisha miguu yake, iliyozoea, ikamwinua na kumpeleka dirishani, na alipolifungua baridi ikaingia pamoja na kelele.

Mtu mmoja mnene aliyekuwa mbele, kofia kisogoni, mchangamfu, akainua uso.

"Mla Sikio," akapaza sauti, "leo umemla nani?"

Barabara nzima ikacheka, kicheko kile kile cha zamani, cha kumpenda. Pogue alishika kizingiti cha dirisha kwa vidole tisa. Nyuma yake aliisikia pasi ikipita juu ya shati.

"Nawashukuru, mabwana," akasema, akainama.